Maji Yasiyoacha Alama

Maji yalikuwa yamepungua kidole kizima. Bi Shamsia aliinama mbele ya tangi la kioo, akautazama ule mstari mwekundu ambao Bwana Eustace aliuchora kwa rangi ya kucha ya mkewe, kisha akalitikisa dumu la mwisho. Halikulia.

Tangi lenyewe lilikuwa refu kama kitanda cha mtoto. Lilikuja na lori kutoka Dar es Salaam, kinu cha mafuta cha serikali kilipouzwa na Bwana Eustace akapata fungu lake, miaka ile ambayo kila mwenye nazo Morogoro alileta nyumbani kitu ambacho jirani yake hana. Wengine walileta dishi kubwa la televisheni. Yeye alileta bahari. Ndani mlikuwa na matumbawe yaliyo hai, yanayofunguka mchana kama maua, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe.

"Joto linakula maji, chumvi inabaki," alimweleza kabla ya kusafiri na mkewe kwenda Dubai. "Kwa hiyo kila siku unajazia maji matupu mpaka mstarini. Siyo ya bomba, Bi Shamsia. Ya bomba yana mambo ndani."

Aliacha madumu sita. Kwa joto la Novemba ile hayakufika hata siku kumi.

Saa tatu asubuhi simu ya mezani ililia, kama ilivyolia kila siku saa hiyo hiyo.

"Shikamoo, Bi Shamsia. Maji yako mstarini?"

"Marahaba, baba. Yameshuka, na madumu yamekwisha."

"Sasa sikia. Mzigo wangu haujatoka, nitakuja Jumatano ijayo. Tafuta maji huko huko, ya bei ya kawaida, uliza uliza. Na usilale nje hata siku moja. Samaki wale wakifa, mimi na wewe basi."

"Bwana Eustace, Jumamosi nina mwali wangu kule..."

Simu ilikuwa imekwishakatwa.

Alibaki ameshika mkono wa simu. Mwali wake ni Asia, mtoto wa binti yake, aliyekuwa ndani huko Mkuyuni tangu mwezi wa tisa alipomaliza mtihani wa darasa la saba. Bi Shamsia mwenyewe ndiye aliyemshika mkono akamwingiza, na katika ukoo wao aliyemwingiza mwali ndiye anayemtoa. Shangazi hatoi, jirani hatoi. Ngoma ilipangwa Jumamosi kwa sababu Ramadhani ilikuwa mlangoni, na Ramadhani ngoma hailii. Jumamosi hiyo ikipita bila yeye, Asia atakaa kwenye chumba kile chenye dirisha la kiganja mpaka mwakani. Na yeye akienda, samaki wakafa, chumba anacholala huko uani kitapata mtumishi mwingine. Akakaa kwenye kochi la watu, akasikia pampu ya tangi ikikoroma. Mjukuu ndani, bibi ndani, samaki ndani.

Akainuka akaenda kuuliza.

Dukani, Abdulswamad alimwekea chupa ya maji ya kiwandani juu ya meza. "Haya ndiyo safi, bibi. Wanakunywa Wazungu."

"Ndoo nzima itakuwa chupa ngapi?"

Abdulswamad akamtajia bei. Bi Shamsia akanunua chupa tatu tu, kwa ajili ya kujaribu, akatoka.

Rosa, mama wa Kichaga anayefanya kazi nyumba ya pili, alikuwa anafua kando ya ukuta. "Chemsha ya bomba, mama. Mimi wanangu wote wamekunywa ya kuchemsha na wamekuwa manunda."

"Wanao siyo matumbawe. Wewe birika lako ndani likoje?"

"Lina ukoko mweupe."

"Basi ukoko huo hauondoki kwa kuchemsha. Ndiyo unazidi."

Wanawake wa Mgeta waliokuja na kabichi walimpa maji yao ya mlimani, matamu, ya baridi. Kondo, fundi wa kuchaji betri pale stendi, akampa kikombe cha maji ya betri. "Haya ni mvuke uliokamatwa, bibi, hayana kitu. Ila dumu lile jekundu usiliguse, hiyo asidi, itakutoboa kanga na mguu."

"Na bei?"

"Ukija na madumu yako, kwa bei ya chupa moja ya dukani unapata dumu zima kwangu."

Bi Shamsia alisoma darasa tatu tu, lakini vyombo alikuwa ameviosha miaka hamsini, na anayeosha vyombo anajua kila maji yanavyokauka. Alichukua kioo cha kujitazamia, akakisugua mpaka kikang'aa, akadondosha tone la bomba, tone la dukani, tone la Mgeta na tone la Kondo. Akakiweka juani, akakaa kando yake akichambua mchele. Yalipokauka, la bomba liliacha duara jeupe kama chokaa. La dukani liliacha duara jembamba. La Mgeta, pamoja na utamu wake wote, liliacha kivuli. La Kondo halikuacha alama.

"Ndiyo wewe," akaliambia.

Akaleta madumu mawili kutoka kwa Kondo. Na hapo ndipo mkono ulipotangulia akili. Maji ya kukaa, kwao, hayaachwi kwenye plastiki yakanuka plastiki. Alitoa mtungi wake uani, akaufukiza ubani ndani kama anavyofukiza akitarajia mgeni wa heshima, akayamimina humo yakatulia. Alasiri alijaza tangi mpaka mstarini, akaona amemaliza.

Alhamisi asubuhi matumbawe yote yalikuwa yamejikunja. Juu ya maji kulikuwa na utando, unang'aa rangi rangi kama mafuta ya gari kwenye dimbwi. Samaki walikuwa wamejibana kona moja, wanahema midomo nje. Akanusa. Tangi lilinukia arusi.

Simu ikalia.

"Maji yako mstarini?"

"Yako mstarini," akasema. Haukuwa uongo, lakini aliirudisha simu upesi kabla hajaulizwa zaidi.

Rosa aliitwa akaja na povu mikononi. Akatazama, akanusa. "Umewafukiza samaki? Walikuwa na pepo?"

"Cheka, ukimaliza nishikie bakuli."

Alichukua karatasi nyeupe za msalani, akazilaza juu ya maji moja moja, akizinyanyua polepole na utando wake, kama mtu anayetoa mafuta juu ya mchuzi. Alifanya hivyo mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mtungi aliurudisha uani, madumu akayapeleka tena kwa Kondo, akayaosha kwa maji ya Kondo yenyewe, bila sabuni, akayajaza. Kisha akakaa akingoja. Siku ile halikufunguka hata tumbawe moja. Ijumaa mchana, tumbawe la pembeni likatoa vidole viwili vya kijani, likavirudisha, likavitoa tena. Jioni nusu yalikuwa yamefunguka, na samaki wameondoka kona.

Kilichobaki ni kile kidole cha kila siku. Akiondoka Jumamosi na kurudi Jumapili jioni, maji yatashuka na hakuna wa kujaza. Rosa haruhusiwi kuachiwa ufunguo. Bi Shamsia alikuwa anawamwagia vifaranga wake maji uani alipoacha kumwaga, akakitazama kinyweo chao. Chupa imegeuzwa juu ya sahani. Vifaranga wakinywa, maji yakiuacha mdomo wa chupa, chupa inashusha mengine, kisha inanyamaza.

Zile chupa tatu za Abdulswamad zilikuwa zimebaki tupu. Alizijaza maji ya Kondo, akazifunga kwa kamba kwenye ubao uliolala juu ya tangi, midomo chini, ikigusa usawa wa mstari mwekundu. Akachota kikombe kimoja tangini. Chupa ya kwanza ikatoa kiputo, ikashusha maji, mstari ukajaa, ikanyamaza. Akachota tena. Ikajibu tena.

Jumamosi alikuwa mlangoni na kifurushi chake, ndani mna kanga mpya ya Asia na chupa ya mafuta ya nazi. Gari la Matombo, linalopita Mkuyuni, linaondoka saa tatu na nusu. Alikuwa amekwishafunga kufuli simu ilipolia.

Alisimama na ufunguo mkononi. Ikalia mara ya tatu, ya nne. Akafungua, akaingia, akaiinua.

"Shikamoo, Bi Shamsia. Maji..."

"Marahaba. Maji yako mstarini, na yatabaki mstarini. Nimetia maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Jumatano niliyatia ubani kwa kukosea, matumbawe yakajikunja, nikautoa, yamefunguka. Yote nakwambia mimi, usije ukaambiwa na mtu. Sasa nakwenda Mkuyuni kumtoa mjukuu wangu."

"Ubani?" Bwana Eustace akauliza.

"Ubani. Narudi kesho jioni. Ukitaka kunifukuza, nifukuze Jumatatu, nitakuwepo."

Akairudisha simu taratibu mahali pake. Nyuma yake chupa ikatoa kiputo kimoja. Hakugeuka kuitazama. Alifunga kufuli, akaijaribu mara mbili, akashika njia ya stendi, na alikuwa amefika kona simu ilipoanza kulia tena.