Nguzo za Kumkwepa Mtoto

Mdogo wangu Faris ni msanifu majengo huko Dar es Salaam, na hawezi kukujibu swali dogo bila kukufungulia kompyuta. Mama alipomwambia kwamba anataka baraza la kupumzikia nyuma ya nyumba yetu ya Ng'ambo, Tabora, hakusema ndiyo wala hapana. Alituma picha. Tukaliona baraza kwenye simu yangu, linazungushwa huku na huku, lina paa jekundu na nguzo nne, na mbili kati ya hizo zimeinama kama mtu anayechungulia kisimani.

"Mbona hizi zimelala?" nikamuuliza. "Fundi atadhani ulichora ukisinzia."

"Muulize Mama, Dada Asma."

Sikuwa na haja ya kuuliza. Kule mwisho wa ua, karibu na ukuta, kuna kaburi. Mtoto wa kwanza wa wazazi wetu alizaliwa amekwisha kufa, miaka kadhaa kabla yangu, na marehemu baba yetu, Mzee Hamoud, akamzika pale pale nyumbani. Hakuna jiwe lililosimamishwa wala jina lililoandikwa. Mahali penyewe hasa anapajua Mama peke yake, maana Baba alimwonyesha kwa kidole alipotoka ndani baada ya arobaini. Sisi wengine tunajua tu kwamba upande ule hatuchezi, hatuaniki na hatumwagi maji.

Mama alimpa jina la Taghreed. Kila asubuhi akimaliza nyiradi zake huenda pale, akamsalimu, akamsimulia mawili matatu ya nyumbani: nani anaumwa, nani kaposwa, mimi nimemjibu vibaya nani. Nilipokuwa mdogo nilimwonea wivu dada yule, kwa sababu hakuwahi kukosea kitu. Mpaka leo, nikiwa mtu mzima mwenye duka langu, kuna siku wivu ule hunirudia, nami huona haya.

Sasa Mama alitaka paa lifike hadi ukutani ili mvua isimnyeshee mwanawe, na papo hapo nguzo zisimguse. Nguzo iliyonyooka ingetua juu ya kaburi. Ndiyo maana Faris, Mama alipomtajia hatua ngapi kutoka ukutani, aliziinamisha: miguu ikae mbali, upande wa nyumba, na vichwa vipite juu ya mtoto kwenda kushika paa. Mama alipoelezwa alicheka mpaka akafuta machozi. Akaweka sharti moja tu, kwamba kaburi lisichorwe.

"Karatasi hiyo itapita kila mkono, mwisho itafungiwa karanga," alisema. "Mwanangu si kitu cha kutembezwa."

Faris akakubali. Wote tuliona ni jambo la heshima.

Wiki ile nzima alikuwa akinipigia kulalamika. Nguzo za kuinama zinamtesa. Ukizitazama kwa pembeni ziko vizuri, ukizitazama kutoka juu, kwenye ramani ya chini, zinavurugika. Mimi sikuelewa neno hata moja, nikamwambia aache kujitia wazimu kwa baraza la ajuza mmoja. Hatimaye akatuma ramani, safi, haina mistari iliyopishana, na chini yake ameandika, "Sasa imependeza." Nikaenda kuichapisha steshenari.

Fundi wetu alikuwa Karoli, mtu wa Ulyankulu ambaye wazee wake walitoka Burundi, mkatoliki mwenye rozari mfukoni na tabia ya kupima kila kitu mara mbili. Siku aliyoanza kazi Mama alikuwa anakwenda Isevya kwenye msiba. Nilimuuliza mlangoni kama hataki kusubiri kwanza aione kazi inavyoanza.

"Ramani ya Faris inamjua mwanangu," akasema, akajitanda baibui lake akaondoka.

Karoli alitandaza karatasi juu ya ndoo, akavuta tepu kutoka ukuta wa nyumba, akapigilia vigingi, akamwaga chokaa pa kuchimba mashimo. Mimi nikaingia jikoni kuchemsha chai. Mlio wa sururu ulikuwa unakuja kwa mpangilio mzuri, halafu ukakatika.

"Dada," akaita. "Hebu njoo."

Alikuwa ndani ya shimo, limemfika mapajani. Miguuni pake mawe bapa yalikuwa yamepangwa kwa ustadi, yameshikana, na moja limeshanyanyuka kwa sururu. Karoli alishavua kofia.

"Haya mawe hayakujipanga yenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Kuna mtu hapa?"

Nilimwambia asiguse kitu chochote, nikampigia Faris. Nilimtukana kabla hajaitikia. Yeye alibisha kwanza. Alisema haiwezekani, nguzo ziko sawasawa, anaziona hapo mbele yake kwenye kompyuta, mguu uko mbali kabisa na pale. Nikawasha kamera nikamwonyesha shimo. Nikasikia anabofya, anabofya tena.

"Asma," akasema. "Nimefanya nini?"

Akanieleza, na safari hii nilielewa. Ile programu ikichora ramani ya chini hulikata jengo kwa ubapa, usawa wa kifua, kama unavyokata papai, ikakuonyesha pale kisu kilipopita. Nguzo iliyonyooka haina shida, kifua chake kiko juu ya mguu wake. Nguzo iliyoinama kifua kiko huku na mguu kule. Mguu ulikuwa ukijichora kwa mistari hafifu iliyochanganyikana na mistari ya sakafu, mara inaonekana, mara imepotea. Alipochoka nayo aliizima ili karatasi itakate. Kilichobaki kwenye ramani ni vifua, navyo vilikuwa juu ya kaburi. Kwa mteja wa kulipa angechora na karatasi ya msingi peke yake, yenye vipimo vya kila mguu. Kwa mama yake aliona si lazima.

Nilitaka kuendelea kumtukana lakini alikuwa analia.

"Lifunike," akasema. "Lifunikeni haraka kabla Mama hajarudi. Asijue."

Nakiri hata mimi nilishafikia hapo. Karoli naye alishalishika lile jiwe kulirudisha. Basi mlango wa uani ukasukumwa, Mama akaingia na baibui lake mkononi.

"Shikamoo, Mama," Karoli akasema kutoka shimoni. Sijui alikuwa na la kusema jingine lipi.

"Marahaba, baba." Macho yake yalikuwa kwenye chokaa, kisha shimoni, kisha usoni kwangu. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa kuanguka, kwa kunilaani. Alisogea taratibu akashika ukingo.

"Ni yeye?" akauliza.

"Ni yeye, Mama. Faris amekosea ramani. Tunamfunika sasa hivi."

"Subirini." Akampa Karoli mkono. "Niteremshe."

"Mama, haifai."

"Asma, mimi sikumwona." Alisema bila hasira. "Niliamka wameshamvika sanda, baba yako ameshamchukua. Wanawake wakaniambia nisiulize, nitaumia zaidi. Mtoto nimembeba tumbo zima na sura yake siijui. Niteremshe, baba."

Karoli akanitazama, nami sikuweza kusema hapana. Akamshika kwapani akamteremsha polepole, akapanda yeye. Mama akapiga magoti kwa tabu. Aliliondoa jiwe lililolegea mwenyewe, kisha la pili, la tatu. Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, Faris anasikia kila kitu.

Chini ya mawe palikuwa na udongo. Udongo laini, mweusi kidogo kuliko ule wa pembeni, umejaa vijia vya mchwa. Mama akapeleka kiganja upande wa mashariki, kilipolazwa kichwa, akapapasa. Akapapasa katikati. Akachota kidogo, akauweka karibu na macho, akauangalia kwa muda mrefu. Hapakuwa na kitambaa wala mfupa. Mtoto alikuwa mdogo mno, na Tabora ina mchwa wengi.

"Taghreed," akaita, kama anavyomwita kila asubuhi. Kisha akageuza uso juu kututazama, na sijawahi kumwona amezeeka vile.

"Nilikuwa naongea na nani?" akatuuliza.

Faris alikuwa ananong'ona kwenye simu kwamba ameshaliona tatizo lilipo, miguu sasa inaonekana vizuri, atatuma ramani nyingine leo hii, nimwambie Mama mtoto hataguswa tena. Mama alimsikia. Alirudisha ule udongo, akayapanga mawe moja moja, akajifuta mikono kwa kanga yake, akanyoosha mkono ili atolewe.

"Mwambie asihangaike," akasema alipokwisha kupanda. "Mwambie anyooshe tu nguzo zake."

Akaingia ndani, akafunga mlango.