Amani ya Baba Lavender

Kilichomchosha Asenath pale kijijini Idsowe, kando ya mto, hakikuwa mafuriko, wala mamba aliyeukata mguu wa mumewe. Kilichomchosha ni amani ya mumewe.

Mto ulipobeba migomba yote na mpunga uliokaribia kuvunwa, Nehemiah aliketi mkekani akasema, "Mungu yupo, Mama Lavender. Mimi nimeridhika." Nimeridhika, ati. Nyumba imebaki nguzo, wanalala chini ya turubai linalovuja, yeye ameridhika. Na kwa nini asiridhike? Maji hateki yeye, kuni hakati yeye. Anayembeba mgongoni kumpeleka chooni ni Asenath, na kiuno chake ndicho hicho, kinauma tangu masika.

Watu wa kanisa ndio waliomkera zaidi. Jumapili walikuja wote, mchungaji mbele, wakamsifu Nehemiah wee mpaka basi: imani ya mzee huyu, jamani, ni mfano kwetu. Wakanywa chai aliyoipika Asenath kwa maziwa aliyopewa na jirani yake Asli, kisha wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Asenath hali.

Kesho yake akafunga nguo zake kwenye leso.

"Naenda Malindi kwa Lavender," alimwambia mumewe. "Sijui nitarudi lini, au kama nitarudi. Dada yako Rachael atakuja jioni kukuangalia."

Nehemiah aliitikia kwa kichwa. "Haya. Nenda salama."

Hata kubishana hakubishana. Laiti angegomba kidogo, Asenath angejua ana mume. Akajitwika mzigo, akaondoka.

Alifika barabarani, basi la kwenda Malindi likaonekana kwa mbali. Ndipo akakumbuka mtungi wa maji. Ameuacha kule mekoni, mbali na mkeka, na jua hili, na Rachael haji mpaka jioni. Akaulaani mtungi, akajilaani mwenyewe, akageuka kurudi. Basi likampita.

Alipokaribia turubai alisikia mtu akifoka, akadhani kuna mgeni. Hapakuwa na mgeni. Nehemiah alikuwa amejiburuta akiufuata mtungi, nguvu zikamwishia njiani. Alikuwa amelala kifudifudi mchangani, anagombana na Mungu.

"Umechukua mguu, nikanyamaza. Umechukua shamba, nikanyamaza. Sasa umemchukua na huyu. Usiniambie ni sawa, maana si sawa. Nimechoka nawe."

Akalia kwa sauti, mwanamume mzima. Kisha akapangusa pua kwa kiganja.

"Lakini sina pa kwenda ila kwako," akasema polepole. "Kila siku nakuja na hasira, na kila siku wanipa utulivu wa kunifikisha jioni. Nipe tena. Na yeye mpe huko njiani. Amenibeba mpaka kiuno kimekwisha."

Asenath alisimama na mzigo wake kichwani. Siku zote alidhani amani ile humjia mumewe bure, akiwa amekaa tu. Kumbe kila siku huipigania hivi, mkewe akishatoka kwenda kuteka maji na kukata kuni.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Nehemiah alishtuka. "Una mizigo yako tele. Nikuongezee na huu?"

"Ukaniacha nidhani mwenye hasira ni mimi peke yangu."

Aliushusha mzigo, akamnywesha maji, akambeba akamrudisha mkekani. Kiuno kilimuuma vilevile, na juu turubai lilikuwa na matundu yaleyale, ila kwa mara ya kwanza tangu mafuriko hakutamani kuwa mahali pengine. Akaufungua ule mzigo wa nguo.

"Umemaliza na Mungu?"

"Nimemaliza ya leo."

"Haya, sogea. Mimi yangu sijaanza."

Nehemiah akasogea, akamshika mkono. Asenath akafumba macho.

"Mungu," akasema, "tuanze na hao watu wako waliokuja Jumapili."