Epoksi Iliyogoma Kuganda

Fundi Randa alibonyeza kwa ncha ya kidole, na kidole kikanasa.

Alikivuta polepole. Uzi mwembamba kama wa buibui ukainuka nacho, ukakatika, ukalala tena mezani. Epoksi, ile gundi ya majimaji aliyoimimina jana juu ya mbao, ilipaswa kuwa imekauka ikawa ngumu kama kioo cha dirisha; hii ilikuwa kama asali iliyosahauliwa kabatini.

Ingekuwa meza ya mteja, angesonya, angekwangua, angeanza upya. Hakuitwa Randa bure. Makosa ya mbao aliyajua na dawa zake alizijua. Lakini hii haikuwa mbao ya dukani. Ulikuwa mlango wa chumba cha watoto wa nyumba ya wakwe zake, nyumba iliyobomolewa baada ya kuta kupasuka. Kwenye mlango ule baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akiwasimamisha wanawe kila mwaka na kuchora mstari wa penseli usawa wa utosi wa kila mmoja. Mistari ya mumewe Randa ilipanda kama ngazi ikapita komeo. Mistari ya mdogo wake ilikuwa michache, yote chini, kisha ikakoma. Mtoto huyo walimwita Chiriku, maana hakujua kunyamaza. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule.

Mama mkwe hakutaka mlango uguswe. "Mlango ni mlango," alisema. "Uwekeni stoo. Nikifa mtafanya mnavyotaka."

Mumewe Randa ndiye aliyembembeleza. Stoo kuna mchwa, mama. Stoo kuna unyevu. Mke wangu ataugeuza meza, mistari ikae chini ya kitu kama kioo, uwe unaiona kila ukinywa chai. Mama alimtazama Randa kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vilivyojaa vumbi la mbao. "Haya. Ila mkono ukiteleza, mkwe wangu, hakuna wa kuja kuichora tena."

Sasa maneno hayo yalimzunguka masikioni kama nzi, na mama mkwe alikuwa njiani. Mumewe alikuwa amekwenda kumchukua ili aje aione meza yake.

Randa alimpigia simu muuza rangi aliyemuuzia epoksi.

"Ni hewa hiyo, dada!" muuza rangi alisema kwa furaha ya mtu ambaye shida si yake. "Mvua imenyesha, baridi imeingia. Ipashe joto kidogo tu, itashika."

Akakimbilia kwa msusi wa mlango wa pili, akaazima mashine ya kukaushia nywele. Msusi akacheka: "Leo mbao nazo zinatengenezwa nywele?" Randa alirudi mbio karakanani. Aliinama juu ya mlango, akapuliza hewa ya moto huku na huku hadi mgongo ukauma. Alipobonyeza tena, kidole kilizama zaidi ya mwanzo. Joto lilikuwa limeilainisha tu.

Alizima mashine. Akajilazimisha kuvuta pumzi, kisha akafanya jambo ambalo angelifanya tangu asubuhi kama hofu isingemtangulia: alivaa glovu, akaanza kugusa mlango mzima, kiganja kwa kiganja, kuanzia juu.

Upande wa komeo, ngumu. Katikati, ngumu, ukucha haukuacha hata alama. Chini, mabaka. Hapa imeshika, hapa inanata, hapa ni uji kabisa.

Basi si baridi, alijiambia. Baridi ingeuchelewesha mlango wote. Wala si kipimo. Angekosea kupima gundi na dawa yake ya kugandishia, yote ingekuwa laini. Mabaka maana yake ni kukoroga.

Ndipo alipokumbuka. Jana alipomaliza kumimina, alikuta upande wa chini haujajaa vizuri. Gundi ilikuwa imebaki kwenye kuta za ndoo, naye akaona uchoyo kuitupa. Akaikomba kwa kijiti, akaimwaga palepale chini. Na kinachobaki kwenye kuta za ndoo ni kile kilichoukwepa mwiko, gundi ambayo haijakutana na dawa yake. Haitaganda leo, haitaganda kesho, haitaganda hata ukiisubiri hadi uzeeni.

Dawa ya kosa hilo aliijua: kukwangua kila kilicho laini hadi kwenye kigumu, kupangusa kwa spiriti, kupiga msasa, kumimina upya. Kazi ya kawaida. Ila chini ya uji ule ndipo ilipokuwa mistari ya Chiriku.

Kabla ya kumimina, alikuwa ameupaka mlango wote tabaka jembamba la epoksi kwa brashi, ili mbao isitoe mapovu, na tabaka hilo liliganda vizuri. Kama lilifunika mistari, penseli ilikuwa salama ndani yake kama mbegu ndani ya kokwa. Lakini alipofika kwa Chiriku aliogopa brashi isije ikaipaka penseli huku na huku, akapita juujuu. Brashi iligusa? Haikugusa? Alifumba macho akajaribu kuuona mkono wake wa siku ile, asiuone. Kama haikugusa, kitakachokwangua gundi kitaondoka na mtoto.

Kulikuwa na njia nyingine. Angeweza kumimina tabaka jipya juu ya ule uji, meza ing'ae, mama afurahi. Kisha siku moja ya jua kali ule ulaini uanze kuvimba na kutoa machozi pembeni. Na kulikuwa na njia ya tatu, ambayo aliona aibu hata kuiwaza. Alichomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akaokota kipande cha ubao, akachora mstari mfupi uliopinda kidogo kulia, kama alivyochora baba mkwe. Ulifanana. Akachora wa pili. Ulifanana zaidi. Nani atajua?

"Unachora nini?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa karakana na mkoba wake kwapani, mwanawe nyuma yake.

Randa alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, umekaa vizuri. Lakini mama alikuwa mkunga tangu ujana wake, na mtu aliyezoea kumtazama mzazi usoni kujua kama mambo yanakwenda sawa hadanganywi kirahisi.

"Mama, epoksi imegoma kuganda."

"Yote?"

"Huku chini tu."

Mama hakuuliza kuna nini huku chini. Alikuja akainama, akaweka kiganja juu ya uji bila glovu, na alipokiinua, kiganja kilitoa sauti ndogo ya kubanduka. Mumewe Randa aliegemea ukuta, akatazama dari.

Randa alieleza yote: ndoo, kukomba, brashi iliyopita juujuu. Hata kipande cha ubao alikisukuma mbele, chenye mistari yake ya kughushi. Mama alikitazama, akakigeuza kifudifudi.

"Kinachotakiwa ni nini?"

"Kukwangua kwa hiki kiplastiki. Nitajaribu taratibu, lakini sijui kama..."

"Nipe hicho kiplastiki."

"Mama, acha nifanye mimi, ni kazi yangu."

"Ukimfuta wewe, hutapata tena usingizi, na mimi sitaacha kukutazama. Nikimfuta mimi, yameisha. Nipe."

Randa alimpa. Akamvalisha na glovu, kidole kwa kidole.

Mstari wa chini kabisa ulitoka mzima. Gundi iliondoka juu yake kama utando wa maziwa, na penseli ikabaki chini, kavu, ndani ya tabaka la kwanza. "Upo," alisema Randa, akishika tochi. Uliofuata nao ukawepo. Mumewe alikuwa amesogea. Pumzi zake zilisikika.

Mstari wa juu ulikuwa wa mwisho aliopimwa Chiriku. Mama aliusogelea kutoka pembeni, akakwangua kidogo, akangoja, akakwangua tena. Gundi iliyokuja na plastiki ilikuwa na rangi ya kijivu.

Nusu ya mstari ilikuwa imebaki kwenye mbao. Nusu nyingine ilikuwa kwenye ncha ya plastiki, haina umbo. Mama aliiinua kwenye mwanga, akaitazama kwa muda, kisha akaipangusa kwenye kitambaa chake cha mkononi, akakikunja, akakitia mkobani.

"Tuuchore, mama?" mwanawe aliuliza. "Kile kipande tu."

"Aliyekuwa akichora hayupo. Aliyekuwa akichorwa hayupo. Uacheni hivyo hivyo."

Kisha akaketi kwenye benchi la karakana na kulia, bila kujificha, mwanawe akiwa amemshika bega. Randa aliendelea kupangusa kingo kwa pamba yenye spiriti, kwa sababu mtu mmoja ilibidi aendelee.

Waliposafisha na kuzifunga zile alama upya kwa tabaka jembamba, safari hii pakashika kila mahali, Randa alichanganya epoksi nyingine. Mama alikataa kupelekwa nyumbani.

"Umekoroga chini?"

"Nimekoroga, mama."

"Na kwenye kuta?"

"Na kwenye kuta."

Alihamishia mchanganyiko kwenye ndoo safi, akakoroga tena, akamimina, na kilichobaki akakiacha kife ndani ya ndoo. Mama aliichungulia ndoo ile kwa huruma ya mtu asiyependa kutupa kitu.

Asubuhi yake hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugusa. "Wewe ndiye fundi," alisema mama. Randa alibonyeza juu, akabonyeza katikati, akashuka chini akiwa amebana meno. Ngumu. Akabonyeza juu ya Chiriku. Ngumu. Akashika ukingo wa meza.

Mama alikunja ngumi, akagonga kile kioo kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, na kwa mazoea ya miaka mingi mbele ya mlango ule, neno likamponyoka: "Hodi!"

"Karibu, mama," alijibu mwanawe kutoka upande wa pili wa meza, na wote watatu wakacheka hadi msusi akaja kuuliza kulikoni na mashine yake iko wapi.