Wilaya Iliyoshika Mkia

Wilaya iliposhika mkia katika mtihani wa taifa kwa mara ya tatu mfululizo, wizara haikutuma karipio kama ilivyozoea. Ilituma mtu.

Afisa Elimu wa wilaya, ambaye walimu wote walimwita Baba Pacha kwa ajili ya mabinti zake mapacha, alijiandaa kuondoka kiungwana. Alishusha picha ya familia ukutani, akafungasha kikombe chake na viatu vya akiba, akatunga hotuba fupi ya kukabidhi kiti. Hotuba haikutumika. Aliingia mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini na mkoba uliochakaa, akamsalimu vizuri, na kiti akakikataa.

"Kaa tu, Afisa. Mimi nitafutiwe pa kukaa pengine. Sikuja kuhamisha fanicha."

Barua yake ilimtaja kama Msimamizi, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya chaki. Lakini tangu siku hiyo, kauli ya mwisho juu ya kila shule wilayani ilikuwa yake: nani afundishe wapi, nani abaki na nani aondoke. Baba Pacha akabakiwa na ofisi kubwa, zulia lake, na kazi ya kuitwa msaidizi.

Laiti yule mama angekuwa mkali, angalau angempa sababu ya kumchukia. Hakuwa mkali. Watu wakaanza kuipita ofisi yenye zulia bila kugeuza shingo, wakielekea stoo, na mlango wa stoo haukufungwa hata siku moja. Baba Pacha alijifunza kuwatambua kwa vishindo vya viatu: huyu mkaguzi, huyu mhasibu, huyu karani wangu mwenyewe niliyemwajiri.

Kilichomuuma zaidi ni habari ya walimu wa hesabu. Kwa miaka alikuwa akiwaomba wizarani, akijibiwa kwa lugha laini kwamba ombi lake linafanyiwa kazi. Msimamizi alizungumza na wakubwa wake mara moja tu, na mwezi haukuisha kabla walimu hawajashuka na masanduku yao mbele ya ofisi. Ofisi nzima ikatoka kuwapokea. Karani akasema, bila nia mbaya, "Kumbe inawezekana." Neno hilo lilimkwama Baba Pacha kooni kama mwiba wa samaki.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama Pacha, mke wake, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mlimani, ile iliyokuwa ya mwisho kabisa katika wilaya ya mwisho. Msimamizi alipopelekwa huko kwa gari, Mama Pacha alidhani amekuja kumvua cheo. Jioni akarudi uso umekunjuka.

"Alikaa dawati la nyuma kipindi kizima," alisimulia wakila. "Halafu akaniuliza, mimi naona tatizo ni nini. Mimi. Miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza."

Baba Pacha akaacha kutafuna. "Mimi sijawahi kukuuliza?"

"Wewe ulikuwa unanipa pole."

Ujanani alishaonja wivu wa mapenzi, akaijua dawa yake: unamtolea macho mwenzio, mambo yanakwisha. Huu ulikuwa wivu wa aina nyingine. Ungemtolea nani macho? Mama wa makamo anayekunywa maji ya moto na kwenda kulala mapema? Hata hivyo kila mkewe alipoanza na "yule mama anasema," alihisi kitu kikimtafuna ndani kama mchwa kwenye mlango. Nje rangi inang'aa, ndani ni vumbi.

Walimu wapya hawakutosha shule zote. Kwa hiyo Msimamizi akapanga kwamba watoto wa darasa la saba wa mlimani washuke kila alasiri shule ya bondeni kusoma hesabu. Barabara ya gari inauzunguka mlima wote, lakini kwa miguu kuna njia ya mkato inayokata korongo. Ilikuwa kiangazi, korongo lilikuwa mchanga mtupu.

"Mpango mzuri," Mama Pacha alimwambia mumewe, "ila mvua zikianza lile korongo halipitiki. Maji yanashuka ghafla. Mwambie."

"Si umwambie mwenyewe? Siku hizi ninyi mashoga."

"Ningeweza. Lakini nataka umwambie wewe, Baba Pacha. Aone kwamba mwenyeji wa wilaya hii ni wewe. Mimi sipendi wanavyokupita mlangoni kama hamna mtu." Akamwongezea mchuzi, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na wewe upone."

Kesho yake alikwenda hadi mlango wa stoo. Ndani, karani na mkaguzi walikuwa wanacheka na Msimamizi, kicheko cha watu waliozoeana.

"Karibu, Afisa. Unasemaje?"

"Nilikuwa napita tu."

Akajiambia atasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Lakini moyo wa mtu ni msitu, na yeye njia za msitu wake alizijua. Alitaka yule mama ajikwae. Alitaka wote waone kwamba wilaya hii haipangwi na mgeni aliyeshuka juzi.

"Ulimwambia?" mkewe aliuliza.

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Analifanyia kazi."

Mvua ya kwanza ilianza watoto wakiwa darasani bondeni. Mama Pacha, aliyekuwa akiwasindikiza kila siku, alipowafikisha korongoni wakati wa kurudi alikuta maji ya udongo yananguruma kutoka ukingo hadi ukingo. Wazazi walikuwa ng'ambo, wakipiga kelele zisizosikika. Msichana mmoja, kwa kumwona mamaye, aliingia majini. Yakambeba mpaka kwenye mzizi wa mti uliochomoza ukingoni, na Mama Pacha akamrukia, akamshika kola ya shati na kumvuta. Mtoto akatoka salama. Mwalimu akateguka kifundo cha mkono. Walikaa pale wakitetemeka hadi gari la ofisi lilipowafikia, giza likiingia.

Asubuhi wazazi waliijaza ofisi. Walikuja wameshajifunga vibwebwe. Msimamizi akasimama mbele yao.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilipanga njia ambayo sikuitembea kwa miguu yangu."

Waliokuja kupigana wakakosa wa kupigana naye. Baba Pacha, aliyekaa pembeni yake, aliuhisi ule mchwa hata saa ile: kumbe huyu hata kuanguka anaanguka kama paka, miguu chini.

Kisha Msimamizi akamgeukia Mama Pacha, bila hasira. "Mwalimu, wewe korongo unalijua. Nisaidie nielewe. Kwa nini hukuniambia?"

Mama Pacha, mkono umefungwa kitambaa, alimtazama mumewe. Hakumtazama sana. Akainamisha macho.

"Nilighafilika," alisema.

Katika ndoa yao yote Baba Pacha hakuwahi kumsikia mkewe akisema uongo.

"Mwalimu mzima unaghafilika na watoto wetu?" baba mmoja akauliza, na manung'uniko yakapanda kutoka nyuma ya chumba.

Baba Pacha akasimama.

"Hakughafilika. Aliniambia mimi, nikufikishie wewe. Sikufikisha."

"Ulisahau?" aliuliza Msimamizi.

"Sikusahau."

Wazazi walipoondoka, yule mama alimwita stoo, na kwa mara ya kwanza akafunga mlango.

"Hilo litaingia kwenye taarifa yangu. Sitaliongeza, sitalipunguza. Sasa niambie, na mvua hizi tunafanyaje?"

Baba Pacha akamweleza: watoto wasishuke, wapande walimu. Gari lizunguke mlima, walimu walale huko siku za vipindi. Ipo nyumba ya zamani ya walimu, ikizibwa paa inafaa.

"Mbona hukulisema mapema?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza wiki ya kwanza, Afisa. Ulinijibu kila kitu kiko sawa."

Na kweli ndivyo alivyomjibu.

Wizara ilimvua cheo ikamwacha kazini, mratibu wa shule za mlimani. Nyumbani, Mama Pacha alimpakulia chakula na kumnyooshea mashati, lakini aliongea naye kama ofisi moja inavyoongea na ofisi nyingine. Siku Baba Pacha alipopandisha walimu wa hesabu, gari likiteleza kila kona, mkewe alitoka kuwapokea na mwavuli.

"Karibu, Mratibu," alimwambia mumewe mbele ya wageni.

Baba Pacha akaanza kushusha mizigo. Kupitia dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu alimsikia mkewe akiongea kwa simu na Msimamizi: ndiyo mama, wamefika, ndiyo, wote. Kisha akacheka, kicheko ambacho nyumba yao haikukisikia tangu siku ile ya mvua. Wivu ukamchoma palepale, mbichi kama mwanzo. Alisimama na godoro begani, maji yakimchuruzika shingoni, mpaka ukatulia kidogo.

"Hili liende chumba gani?" aliuliza.

Mama Pacha akaziba simu kwa kiganja. "Cha mwisho, kisichovuja. Na ukimaliza usiondoke upesi, njia mbaya. Chai ipo."