London au Roma

Karatasi ya ruhusa ya kusafiri ilitaka tuandike mji mmoja tu wa kwenda likizo. Mume wangu, Mansur, aliishika kalamu mpaka vidole vikatoka jasho.

"London yuko dada yako," aliniambia kwa sauti ya chini, maana dirisha letu linatazamana na la Mama Nasser, mtu asiyepitwa na neno.

"Walioandika London mwezi uliopita waliitwa na wanajeshi, na mmoja hajarudi nyumbani. Andika Roma, Baba Mariamu. Huko hatuna mtu, nani atatushuku kwamba hatutarudi? Tukishafika, dada atatutafuta."

Akaandika Roma. Nikapumua, kisha nikaliona begi. Juu kabisa nilikuwa nimepanga sweta tatu za sufu nilizomfumia Mariamu, kila moja kubwa kuliko mwenzake. Katika masomo ya jioni ya watu wazima tulifundishwa kwamba Roma mwezi wa nane, mwezi wetu wa kusafiri, ni joto kali. Askari wa uwanja wa ndege akizikunjua, atauliza likizo gani ya wiki mbili inataka sweta ya mtoto wa miaka minne, na wangu hajatimiza hata mmoja.

"Zichome," alisema Mansur.

Sikuweza. Asubuhi ya safari nilizifua, nikazianika uani zikichuruzika maji.

"Mnarudi lini, Mama Mariamu?" aliuliza Mama Nasser, macho yakiwa kwenye kamba.

"Wiki mbili tu, dada. Mvua ikija, nianulie."

Nikambeba mwanangu mgongoni. Sufu hata London ipo, na mikono ninayo.