Spika Alizozifunga Marehemu

Fundi alifungua skrubu nane za kava ya mbele ya pikipiki, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa zisije zikapotea, kisha akachomoa spika mbili za zamani. Pikipiki yenyewe ilikuwa yale madude ya safari ndefu, kioo kipana, masanduku huku na huku. Mwenyewe alikufa nayo barabarani mwaka uliopita. Sasa inaendeshwa na mdogo wake, ambaye alitaka spika kubwa zaidi na amplifaya ya kuzisukuma, maana hizi za zamani akikimbia upepo unazimeza.

Mjane wa marehemu alikuja naye. Alitaka zile spika kuukuu, kwa kuwa mumewe alizifunga kwa mikono yake.

"Shemeji, hayo makopo ya nini?" mdogo wa marehemu alimtania.

"Nipe tu. Kwako ndiyo makopo."

Fundi hatoi kitu bila kukijaribu. Aliziweka mezani, akazipuliza vumbi, na kabla hajatafuta waya wa kuziunganisha, zikaanza kuongea. Spika zikikaa sana na mtu hushika maneno, alisema fundi. Wiki iliyopita moja ilimsomea mahubiri mazima. Akarudi kwenye kazi yake.

Ilikuwa sauti ya marehemu. "Mdogo wangu, pikipiki imenilalia mguuni. Ninyanyulie kidogo tu nitoke."

Ikafuata ya mdogo wake. "Nimekuomba mara ngapi uniachie hii pikipiki? Mara ngapi, kaka?"

"Tutaongea nyumbani. Ninyanyulie kwanza."

Pikipiki nyingine ikawashwa, ikaondoka.

Mjane alikaa juu ya tairi bovu. Mwaka mzima alikuwa anapata usingizi kwa sababu ya neno moja: palepale. Aliambiwa mumewe alikufa palepale, hakuteseka. Sasa alimsikia akimwita yeye, mke wake, kwa saa mbili na dakika kumi, mpaka sauti ikakatika.

"Uliniambia palepale," alisema.

Mdogo wa marehemu alikuwa ameinamia amplifaya mpya, anatafuta kitufe cha besi. "Unasikia zinavyokwaruza?" alimwambia fundi. "Ndiyo maana nabadilisha."

Jamani, kuna watu wana uso mkavu! Hata fundi aliacha bisibisi kwa muda. Halafu akafunga skrubu ya nane.

Jumapili mchana mjane alizibeba spika hadi kwa mama mkwe, akawaita wakubwa wa ukoo. Alitaka kitu kimoja tu: mmoja wao atamke kwamba yule kijana alimwacha kaka yake afe. Walisikiliza yote, hakuna aliyeinuka. Mjomba alikiri kwamba ndiyo sauti yenyewe, haijabadilika hata kidogo. Shangazi alilia, akamsifu fundi. Kisha watu wakaanza kutafuta viatu vyao.

Mama mkwe alibaki. Alifuta machozi kwa upindo wa nguo, akamshika mkono mkwewe.

"Mwanangu, umefanya vizuri kuzileta. Nitakuwa nakuja kumsikiliza." Akasogea karibu, akanong'ona. "Ila pale anapoongea mdogo wake, huwezi kupunguza sauti? Ndiye mtoto niliyebaki naye."