Jiwe Lilisimama, Wewe Ukatazama Dirishani

Usitazame pembeni, nazungumza na wewe. Usiku wa jana niliota tuko chuo kikuu, somo la aljebra dhahania, na wewe umekaa dirishani, umegeuza shingo vilevile unavyoigeuza mtaani tukidai maji.

Mimi chuo sijakisoma. Aljebra niliichimba mwenyewe kwenye kitabu kisicho na jalada. Basi nikafanya kama tunavyofanya bombani: niliweka jiwe linishikie nafasi. Nilipofika, jiwe lilikuwa limeshasajiliwa.

"Umechelewa," likaniambia. "Na usinizibie ubao."

Dokta Kokubanza, mama wa miwani mizito, anafundisha makundi ya kihisabati. "Kanuni ya kwanza. Wanakundi wawili wakiungana, jibu halitoki nje ya kundi."

Mlango ukajifunga. Dirisha likawa ukuta. Wewe ukaendelea kutazama nje.

"Ya pili. Kila kundi lina Asiyebadili. Muunge na mtu yeyote, mtu huyo atabaki alivyo."

Bwana mmoja wa tai akainuka, akatupungia. Namkumbuka. Hakukosa hata mkutano mmoja wa maji.

"Ya tatu. Kila mtu ana kinyume chake. Wakiungana, jibu ni Asiyebadili. Ndimbo, njoo mbele."

Ndimbo ni mimi. Kinyume changu anatokea ukutani: mzee Sekiete, jirani yangu. Nikisema tugome, yeye husema tusubiri. Alisema tusubiri mwaka ule bomba lilipokauka. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ananyoa ndevu, tena kwa maji ya kununua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haiumi. Utavaa tai tu."

Kweli, tai inaanza kuniota shingoni. Pale pale darasa ni bomba letu, nyote mko foleni na ndoo kavu, ubao umeegemea tangi.

"Dokta," nauliza, "nikiwa Asiyebadili, maji atadai nani?"

"Hilo halimo kwenye mtihani," anasema, anapangusa miwani. "Ila ipo kanuni ya nne. Mkiwa watatu kwenye mstari, mabano yanahamishika, jibu ni lile lile. Mtu akisimama kando yako, wewe na Sekiete mtafutana kama maandishi ubaoni, na jibu litakuwa huyo mtu. Atabaki mmoja wa kudai."

Nikageuka kwenu. Mmoja akafunga kamba ya kiatu, naye amevaa ndala. Wewe ukatazama dirisha ambalo halipo.

Jiwe likainuka, likaja kando yangu. "Niliwekwa nishike nafasi yake," likasema. "Ngoja niishike."

"Wewe ni jiwe, bwana," Sekiete akalisihi. "Tusubiri apatikane mtu."

"Nimesubiri kwenye foleni hii kuliko mtu yeyote."

Dokta akaja na chaki, akanichora bano la kufungua begani, upande wa kushoto. Alipozunguka upande wa Sekiete kuchora la kufunga, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Bomba nje likakoroma, halikutoa kitu. Nikavaa shati langu, lile nililolifua juzi. Begani, upande wa kushoto, pana bano la chaki. Moja, la kufungua.

La kufunga bado halijachorwa. Weka chini unachosoma, chukua ndoo yako kavu, njoo bombani usimame kando yangu. Sasa hivi, kabla hatujabakiwa na jiwe peke yake.